Jembe na Jahazi: Dini Zilivyoenea Bara Hindi

Mwaka 1872 serikali ya Kiingereza ilifanya sensa ya kwanza ya Bengal, na majibu yake yakawaduwaza maofisa walioiagiza. Walitarajia kuwakuta Waislamu wakiwa wamejazana katika miji ya kale ya watawala, Gaur, Pandua, Dhaka na Murshidabad, na vijijini wawakute Wahindu. Wakakuta kinyume. Waislamu walikuwa mashambani, kwenye mabonde ya mashariki yaliyojaa mito, wakilima mpunga. Katika wilaya za Chittagong, Noakhali, Pabna na Rajshahi walizidi asilimia 70 ya watu wote, na Bogra walizidi 80. Huku nyuma, katika nchi inayozunguka Agra na Lucknow, ambayo leo ni jimbo la Uttar Pradesh, masultani na wafalme Waislamu walikuwa wametawala kwa zaidi ya miaka 600, na bado hadi sensa ya mwaka 1941 Waislamu wa huko walikuwa takriban asilimia 15 tu. Mwaka huohuo walikuwa zaidi ya nusu ya watu wa Bengal na zaidi ya nusu ya watu wa Punjab, yaani katika pembe mbili za nchi zilizo mbali na kitovu cha enzi.

Simulizi iliyozoeleka haiwezi kuieleza ramani hiyo. Historia ya Bara Hindi husimuliwa kama orodha ya wageni walioingia kwa zamu: Waarya, Wagiriki, Waturuki, Wamughal, Waingereza, kila mmoja na upanga mkononi na dini yake mgongoni. Kama hivyo ndivyo dini zilivyoenea, basi kadiri mtu anavyosogea karibu na ngome ndivyo angewakuta waumini wengi zaidi. Sensa inasema sivyo. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya miaka 3,000, dini ilishika mizizi katika Bara Hindi pale ilipofika pamoja na kazi mpya: pamoja na aliyefyeka msitu na kuugeuza shamba, aliyevuta maji hadi nchi kavu, au aliyefungua bandari na njia ya wafanyabiashara. Mfalme aliweza kuchukua kodi na kubomoa hekalu la mpinzani wake. Lakini jinsi mkulima atakavyozikwa, na majina atakayowapa wanawe, hayo yaliamuliwa zaidi na udongo, maji na pepo, na watu waliofika navyo.

Nchi yenyewe inasaidia kulielewa jambo hili. Kaskazini umesimama ukuta wa Himalaya, nao upande wa kaskazini-magharibi una milango, Khyber na Bolan ikiwa ndiyo maarufu zaidi. Chini ya ukuta huo mito inagawana pande mbili. Indus na matawi yake matano ya Punjab inateremka kwenda Bahari ya Arabu, ikipita nchi kavu ambako shamba lisilo na maji ya mto halizai. Ganga unaelekea mashariki, nchi ikizidi kuwa na mvua na misitu kadiri mtu anavyoshuka, hadi unapokutana na Brahmaputra na kutawanyika katika delta ya Bengal. Kusini mwa milima ya Vindhya kuna uwanda wa juu wa Deccan, nao umetengwa na bahari na safu ya Ghats za Magharibi, ambayo huyazuia mawingu na kuifanya pwani ya Malabar iloweke maji ilhali nyuma ya milima watu wanahesabu matone. Takriban robo tatu ya mvua ya mwaka mzima huanguka kati ya Juni na Septemba, ikibebwa na upepo wa kusini-magharibi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anaujua upepo huo: ni mwendelezo wa kusi, unaosukuma majahazi kwenda India, kama kaskazi inavyoyarudisha. Chemchemi ya mpunga wa Bengal na tanga la nahodha wa Lamu ni upepo mmoja.

Mkulima wa kwanza tunayeweza kumfuata katika maandiko ya Bara Hindi alikwenda mashariki. Miji mikubwa ya bonde la Indus, Mohenjo-daro na Harappa, iliyostawi kati ya mwaka 2600 na 1900 KK, haikutuachia maandishi yanayosomeka, kwa hiyo kuhusu imani za watu wake kila anayesema kwa uhakika anabahatisha. Baada yake zikaja tenzi za Rigveda, na jiografia yake iko wazi: zinaijua mito ya Punjab kwa majina na sifa, huku Ganga ukitajwa kwa nadra. Vitabu vilivyofuata vinauhamisha ulimwengu huo hatua kwa hatua hadi nchi iliyo kati ya Ganga na Yamuna, kisha mbele zaidi. Katika kitabu cha ibada kiitwacho Shatapatha Brahmana kuna kisa cha mfalme Videgha Mathava aliyetoka mto Saraswati akimfuata Agni, mungu wa moto, aliyekuwa akiunguza nchi kuelekea mashariki hadi akafika mto Sadanira. Ng'ambo ya mto huo, kisa kinaeleza, zamani Brahmani, yaani tabaka la makuhani, hawakuvuka kwa kuwa moto wa ibada haukuwa umeionja ardhi yake, nayo ilikuwa chepechepe isiyolimwa. Baadaye ikalimwa, na Brahmani wakawa wengi. Anayejua kilimo cha kuchoma na kufyeka haoni fumbo hapo. Ibada ya moto na moto wa kufyekea shamba vilisafiri pamoja, na waliokitunga kitabu hicho waliliona hilo wenyewe.

Ng'ambo ya ulimwengu huo wa Brahmani, katika nchi ya Magadha na jirani zake, ndipo katika karne ya 5 KK walipotokea Buddha na Mahavira. Si ajabu kwamba mafundisho yaliyopunguza uzito wa kafara na nasaba yalipata wasikilizaji mahali ambapo Brahmani walikuwa wageni, mpunga ulikuwa ukizalisha ziada, chuma kilikuwa karibu, na miji mipya ilikuwa ikijaa wafanyabiashara wasio na nafasi nzuri katika mpangilio wa zamani. Ubuddha ulipotoka hapo haukutembea na jembe. Ulitembea na misafara. Ashoka aliupa hadhi ya dola baada ya vita vya Kalinga, takriban mwaka 261 KK, vita ambavyo yeye mwenyewe aliamuru viandikwe mwambani kwa majuto, akitaja watu 100,000 waliouawa na 150,000 waliohamishwa. Lakini majiwe ya Ashoka hayaelezi kwa nini watawa walidumu Deccan kwa karne nyingi baada ya dola yake kusambaratika. Kinachoeleza ni mapango. Karla, Bhaja, Nashik, Junnar na Kanheri yamechongwa kwenye miamba iliyo jirani na mianya ya Ghats, palepale misafara ilipopanda kutoka bandarini kwenda uwandani, na maandishi ya kutani yanawataja waliolipa: wafanyabiashara, mafundi, vyama vya wachuuzi, hata wageni walioitwa Yavana, jina walilopewa Wagiriki na watu wa magharibi. Monasteri ilimpa msafiri mahali pa kupumzika na jina jema; msafiri akaipa monasteri mchele na fedha.

Dini iliyosimama juu ya soko ilikuwa na udhaifu wake. Mara nyingi husemwa kwamba Ubuddha wa India uliuawa na majeshi ya Waturuki, na ushahidi unaotolewa ni Nalanda, chuo kikuu cha watawa huko Bihar, kilichoshambuliwa yapata mwaka 1200. Shambulio lilitokea na hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyeizunguka India katika karne ya 7, miaka zaidi ya 500 kabla ya hapo, alikwisha kuona monasteri zilizobaki magofu na miji ya Wabuddha isiyo na Wabuddha, kuanzia Gandhara hadi bonde la Ganga. Jambo lililokuwa likitokea ni kwamba wafalme wa majimbo, waliotaka mashamba mapya ili wapate kodi, walikuwa wakiwapa Brahmani hati za ardhi, nyingi zikiandikwa kwenye mabamba ya shaba, katika maeneo ya misitu na makabila. Brahmani alikuja na kalenda ya kupanda, ujuzi wa kuandika na kupima, na utaratibu wa kuwaingiza wenyeji na miungu yao katika familia pana ya Vishnu, Shiva na mungu mke. Mtawa aliyetegemea msafara hakuweza kushindana na mtu aliyekaa kijijini kizazi baada ya kizazi. Kusini, hekalu lenyewe likawa mwenye shamba na mkopeshaji: hekalu la Thanjavur, lililokamilishwa na Rajaraja wa ukoo wa Chola mwaka 1010, lilisimama katikati ya delta ya Kaveri iliyojaa mifereji, na maandishi yake ukutani yanaorodhesha mikopo iliyotolewa kwa vijiji na riba iliyotakiwa. Huo ndio Uhindu ulioshinda, nao ulishinda kwa kukaa shambani.

Bahari iliandika ukurasa wake tofauti. Pwani ya Malabar ilikuwa na pilipili manga, na pilipili iliwavuta watu hata kabla ya Ukristo na Uislamu kuzaliwa. Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 BK, kinaitaja bandari ya Muziris ya huko kama kinavyoitaja Rhapta ya pwani yetu. Upepo ulimlazimisha mfanyabiashara kungoja miezi kabla ya kurudi, na mtu anayengoja miezi huoa, hujenga, na huhitaji mahali pa kusalia. Mwaka 849 mtawala wa Venad alilipa kanisa la Kollam haki za ardhi, kodi na biashara, zikaandikwa kwenye mabamba ya shaba ambayo yamehifadhiwa hadi leo. Mashahidi wametia saini kwa Kiarabu cha herufi za Kufi, kwa Kiajemi cha kale cha Kipahlavi, na kwa Kiajemi kilichoandikwa kwa herufi za Kiyahudi. Kwa hiyo Waislamu, Wazartosti na Mayahudi walishuhudia zawadi ya mtawala Mhindu kwa Wakristo, zaidi ya miaka 300 kabla ya kuwako usultani wa Delhi na miaka 649 kabla ya Vasco da Gama kuvuka kutoka Malindi. Wakristo wa Kerala wana mapokeo kwamba Mtume Tomaso alifika mwaka 52. Hata asiyeyakubali mapokeo hayo hawezi kukana kwamba Ukristo wa huko una umri mkubwa kuliko ule wa nchi nyingi za Ulaya ya kaskazini.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote upo kwenye vitabu vya fikihi. Waislamu wa kaskazini mwa India, walioupata Uislamu kupitia Asia ya Kati na njia za Khyber, ni wa madhehebu ya Hanafi. Waislamu wa Malabar na wa pwani ya Konkan ni Mashafi, kama walivyo Waislamu wa Hadhramaut, wa Indonesia, na wa Kilwa, Mombasa na Unguja. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, akawa kadhi Delhi kisha akashuka Calicut katika miaka ya 1340, alizipita nchi hizi zote mbili kwa miguu yake. Serikali moja ya India leo inawahesabu Waislamu hao katika safu moja ya sensa, lakini namna wanavyoweka mikono katika sala inaonyesha kwamba kundi moja lililetwa na mlima na jingine na upepo. Malabar haikuwahi kutekwa na sultani yeyote wa Delhi kwa muda wa kutosha kumgeuza mtu dini; watawala wake, Samuthiri wa Calicut akiwa mkubwa wao, walikuwa Wahindu walioishi kwa ushuru wa bandari na waliwahitaji Waislamu kama walivyohitaji mvua.

Turudi Bengal, ambako fumbo lilianzia. Majeshi ya Waturuki yalifika huko mwanzoni mwa karne ya 13, na kwa miaka zaidi ya 300 Uislamu ulikuwa dini ya mijini, ya wakuu na mafundi wao. Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye, kwa sababu ambayo hakuna mfalme aliyeiamuru: mto ulihama. Katika karne ya 16 na ya 17 sehemu kubwa ya maji ya Ganga iliacha mikondo ya magharibi na kumiminika mashariki kupitia mkondo wa Padma, ikipeleka matope mapya na maji matamu kwenye misitu ambayo haikuwa imelimwa kwa jembe. Wakati huohuo Wamughal waliiteka Bengal, wakaifanya Dhaka makao makuu mwaka 1610, na wakataka mapato. Mwanahistoria Richard Eaton, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alizifuatilia hati za ardhi za Chittagong na Sylhet na kuonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Mtu mwenye juhudi, mara nyingi sheikh, haji au mzee mwenye sifa ya uchaji, alipewa eneo la msitu bila kodi kwa sharti kwamba alifyeke, alilime, na kutokana na mazao yake autunze msikiti au ziara, na aiombee dua dola. Akakusanya watu wa kabila zilizoishi kwa uvuvi na kilimo cha kuhamahama, wakafyeka, wakapanda mpunga wa majini. Msikiti wenyewe mara nyingi ulikuwa wa mianzi na makuti. Watu hao hawakuacha Uhindu, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wameingia ndani yake; waliingia pamoja katika mpunga, katika daftari la kodi na katika Uislamu.

Wala hawakuingia kwa siku moja. Mshairi Saiyid Sultan, aliyeandika kwa Kibengali mwishoni mwa karne ya 16, aliipanga miungu ya Kihindu, akina Brahma, Vishnu, Shiva na Krishna, katika mfululizo mmoja na Manabii kuanzia Adam hadi Muhammad. Mwanachuoni wa Makka angeshtuka. Lakini ndivyo imani ilivyofika masikioni mwa mkulima: kwanza jina jipya lilikaa kando ya majina ya zamani, kisha likachanganyika nayo, na baada ya vizazi kadhaa, mahujaji na wahubiri wa karne ya 19 walipoanza kusafisha, likabaki peke yake. Wamughal wenyewe hawakuwa na shauku ya kuwageuza watu dini huko, na hati zilezile waliwapa pia Wahindu waliojenga mahekalu. Pale mfyekaji msitu alipokuwa Brahmani, kijiji kikawa cha Wahindu.

Punjab ya magharibi inasimulia jambo hilohilo kwa maji tofauti. Wafugaji wa jamii za Jat walipanda kutoka Sindh, wakakaa kandokando ya mito, na gurudumu la Kiajemi la kuchotea maji kisimani likawageuza wakulima. Jirani nao, mjini Pakpattan, kulikuwa na kaburi la Baba Farid, walii wa tarika ya Chishti aliyefariki katika miaka ya 1260. Viongozi wa koo waliozesha mabinti zao katika familia ya walinzi wa kaburi, walipeleka sadaka kila msimu, na hatua kwa hatua wakawa watu wa Baba Farid. Nasaba za ukoo wa Siyal, zikisomwa kwa majina, zinaonyesha majina ya Kiislamu yakiongezeka polepole tangu mwanzoni mwa karne ya 15 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo hayakubaki mengine. Ni karibu miaka 400. Hakuna upanga unaofanya kazi polepole kiasi hicho. Na nchi hiyohiyo, upande wa mashariki kidogo, ilimzaa Guru Nanak mwaka 1469, ambaye wafuasi wake, tunaowaita Makalasinga, waliwavuta wakulima wengine wa Jat. Kitabu chao kitakatifu, kilichokusanywa Amritsar mwaka 1604, kina beti za Baba Farid ndani yake.

Mpinzani wa kwanza atasema kwamba ninaifuta damu. Mahmud wa Ghazni aliteka nyara Somnath mwaka 1026. Mahekalu yalibomolewa na misikiti ikajengwa kwa mawe yake. Mfalme wa Kimughal Aurangzeb alirudisha jizya, kodi ya wasio Waislamu, mwaka 1679 baada ya babu wa baba yake Akbar kuifuta mwaka 1564. Yote hayo ni kweli, na mwandishi anayeyaficha anawaonea waliouawa. Swali langu ni jingine: je, vita hivyo viliwafanya watu wa mahali hapo kuwa Waislamu? Mathura na Varanasi, zilizobomolewa mahekalu makuu, zilibaki na zimebaki miji ya Wahindu. Somnath iko Gujarat, ambako Waislamu ni wachache. Kuvunja nyumba ya mungu wa mfalme adui ilikuwa lugha ya siasa iliyosemwa pia na wasio Waislamu: mwanahistoria wa Kashmir, Kalhana, aliyeandika katika karne ya 12, anamshutumu mfalme Harsha, Mhindu, kwa kupora mahekalu ya nchi yake ili ajaze hazina. Waingereza wenyewe ni ushahidi wa kutosha. Walitawala karibu miaka 190, wakiwa na makanisa, shule na bunduki, na India ya leo ina Wakristo asilimia 2.3 tu. Walio wengi kwa uwiano hawako Kolkata wala Delhi, miji mikuu ya Mwingereza. Wako kwenye milima ya mpakani mwa Myanmar, katika majimbo ya Nagaland na Mizoram, ambako kwa sensa ya mwaka 2011 Wakristo walizidi asilimia 85. Huko wamisionari waliwakuta watu ambao hekalu na msikiti havikuwahi kuwafikia, wakawaletea maandishi ya lugha zao na shule.

Mpinzani wa pili, na huyu ana nia njema zaidi, husema kwamba watu walikimbilia Uislamu ili kukwepa matabaka ya Kihindu. Hoja hii inapendeza, na kwa baadhi ya watu mmojammoja huenda ni sahihi. Kama kanuni ya jumla inaangushwa na ramani ileile. Mahali ambapo mfumo wa matabaka ulikuwa wa kale na mzito kuliko kote, bonde la kati la Ganga, ndipo walipogeuka wachache zaidi. Walipogeuka wengi ni pembezoni, ambako Brahmani alikuwa hajafika au alikuwa dhaifu. Isitoshe, jamii ya Waislamu wa India ilizaa ngazi zake yenyewe za watu wa nasaba na watu wa kazi, na mfuma nguo au mchinjaji aliyesilimu hakuoza binti yake kwa sharifu.

Mfano wa Gujarat unatuhusu moja kwa moja. Ni nchi yenye ukame mwingi na bandari nyingi, kwa hiyo mtu aliyekosa shamba alitazama bahari. Wajaini, ambao dini yao inawakataza kuua kiumbe chochote na hivyo inawafanya walikwepe jembe, walistawi huko katika biashara na fedha. Waparsi, wafuasi wa Zartosti waliotoka Iran, walipata hifadhi kwenye pwani yake. Wahubiri wa Kiismaili waliotumwa kutoka Yemen katika karne ya 11 waliwapata wafanyabiashara waliokuja kuitwa Bohora, na kundi jingine likawa Makhoja. Hao, pamoja na Mabaniani wa Kutch, ndio walioletwa na kaskazi hadi Unguja, Bagamoyo na Mombasa. Forodha ya Sultani wa Zanzibar ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, mtu wa Kutch. Mahekalu, jamatkhana na misikiti ya Kibohora iliyomo katika miji ya Afrika Mashariki ni kipande cha pwani moja ya India kilichohamia pwani nyingine. Makalasinga walikuja kwa mlango tofauti, wengi wao wakati reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na Waingereza wakaajiri zaidi ya Wahindi 30,000, hasa kutoka Punjab. Magoa walikuja na Ukatoliki wao kutoka nchi iliyotekwa na Mreno mwaka 1510. Anayedhani kwamba kwa kuwajua Wahindi wa Kariakoo ameijua India hajakutana na Mbengali, Mtamil, wala mtu wa Bihar.

Hoja yangu ina mwisho wake, na mwisho huo unaanzia kwenye sensa ileile ya 1872. Kabla yake mtu aliweza kuzuru kaburi la walii Alhamisi na hekalu siku iliyofuata bila kuulizwa; karani alipokuja na daftari alitaka jibu moja. Majibu yakawa hesabu, hesabu zikawa viti vya baraza, na viti vikawa mipaka. Mwaka 1947 mwanasheria Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa ameikanyaga India kabla ya mwezi Julai mwaka huo, aligawa Bengal na Punjab kwa wiki chache akitumia zaidi takwimu za dini za kila wilaya. Punjab ilikuwa imeshavurugwa na maji: tangu miaka ya 1880 Waingereza walichimba mifereji magharibi na kuwahamishia huko wakulima wa mashariki, Makalasinga wakiwamo, na sasa wakulima hao walijikuta upande usio wao. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama katika Bara Hindi, na waliouawa hukadiriwa kuanzia laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi. Hapo upanga ulibadilisha ramani ya dini kweli kweli, tena kwa miezi michache. Kazi ambayo haukuifanya mikononi mwa masultani kwa miaka 600 uliifanya ulipopewa daftari la sensa.

Miaka tisa baadaye likatokea jambo ambalo siwezi kulilazimisha liingie katika nadharia hii. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar iliyohesabiwa najisi, akasoma New York na London na kuongoza kamati iliyoandika katiba ya India, alitangaza mwaka 1935 kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Kwa miaka zaidi ya 20 alizipima dini nyingine, ile ya Makalasinga ikiwamo. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na halaiki inayokadiriwa kuwa watu laki tatu hadi tano, na wiki saba baadaye akafariki. Hao walikuwa watu wa ndani kabisa ya mfumo wa matabaka, si wa pembezoni. Hakukuwa na msitu wa kufyeka wala bandari mpya. Walikuwa na magazeti, vyama, reli ya kuwafikisha Nagpur, na mtu waliyemwamini aliyesoma kila kitabu kilichowatia minyororo. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu Wabuddha milioni 8.4 katika India nzima, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa Maharashtra, wengi wao wakiwa wa jamii ya Ambedkar.